Mlango wa Sita wa Fahamu, au Kujifunza Bila Kujua?



Katika masomo yetu ya mwanzo tulifundishwa kwamba Mwenyezi Mungu amemjaalia mwanadamu milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Lakini mitaani kwetu hakosekani mtu anayesifiwa kuwa na mlango wa sita. Huyu husema, "Nilijua utakuja leo," kabla hujamaliza kupiga hodi. Yule huhisi macho ya mtu kisogoni, akigeuka anamkuta kweli mtu anamtazama. Mwingine hujua simu ni ya nani kabla hajaishika. Na wapo waliokwisha kukifanya kipaji hicho kuwa kazi, wakatandika mkeka na kulipwa.

Habari kama hizi zikisimuliwa barazani, watu hugawanyika. Wengine husema ni uongo mtupu na msemaji ni mlaghai. Wengine hujibu kwamba fulani wanamjua tangu utotoni, ni mtu mwaminifu, hajapata kudanganya, basi lazima anayo hayo anayoyadai. Ukitazama vizuri utaona kwamba pande zote mbili zimekubaliana juu ya jambo moja bila kujua: kwamba mtu ama ni mwongo ama anao mlango wa sita. Makala hii inataka kuonyesha njia ya tatu. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa, akapatia mara nyingi kuliko anayebahatisha, na bado asiwe na mlango wowote wa ziada. Amepata kwa milango ile ile mitano, ila amejifunza kitu bila kujua kwamba amejifunza.

Kabla hatujaendelea, tuweke mpaka. Hatuzungumzii wahyi wala miujiza ya Mitume, wala ndoto njema, wala firasa kama wanavyoieleza wanachuoni wetu. Hayo yana vitabu vyake na walimu wake. Tunazungumzia madai ambayo yanaweza kuwekwa mezani na kupimwa kwa hesabu.

Mtoto na ngeli

Mchukue mtoto wa miaka minne anayekulia katika nyumba ya Waswahili. Atakwambia, "Kiti kimevunjika." Viti vikiwa viwili atasema "vimevunjika." Hatasema "kiti limevunjika", na akimsikia mgeni akisema hivyo atacheka. Muulize sasa ngeli ya KI-VI ni nini. Hajui, na pengine hata mama yake aliyemfundisha kusema hajui. Kanuni imo ndani ya kichwa chake, inafanya kazi kila siku, lakini hakuna aliyemsomea.

Wanafunzi wa madrasa wana mfano mwingine mzuri. Neno "kitabu" tumelichukua kutoka Kiarabu, na huko wingi wake ni "kutub", kama mnavyojua. Waswahili wa zamani walipolisikia, masikio yao yaliona "ki" mwanzoni, wakasema "vitabu". Hakukuwa na kikao wala mzee aliyeamua. Mpangilio waliokwisha kuuzoea uliwaamulia wenyewe.

Na vivyo hivyo katika kisomo. Mtoto aliyezoea kumfuatiza mwalimu wake hugeuza nuni ikawa mimu inapofuatwa na ba, tena kwa ghunna yake sawasawa, miaka kadhaa kabla hajafundishwa kwamba hukumu hiyo inaitwa iqlaab. Ulimi ulitangulia, jina la kanuni likaja baadaye.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1967 Mmarekani Arthur Reber aliwapa watu mafungu ya herufi wayahifadhi. Hawakuambiwa kwamba herufi zile zilipangwa kwa kanuni. Baadaye akawaeleza kuwa kanuni ilikuwepo, akawaonyesha mafungu mapya na kuwauliza yapi yanafuata kanuni na yapi hayafuati. Walipatia zaidi ya kubahatisha, lakini walipotakiwa kuieleza kanuni yenyewe hawakuweza kuieleza vizuri. Mwaka 1996 watafiti Saffran, Aslin na Newport wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 mfululizo wa silabi zisizo na maana kwa dakika 2 tu. Ndani ya muda huo watoto walikwisha kutambua ni silabi zipi huandamana na zipi hukutana kwa nasibu. Mtoto wa miezi minane hajui hata kuhesabu moja, lakini sikio lake linahesabu.

Hapa ndipo penye siri yenyewe. Mtu aliyejifunza kwa njia hii hana kumbukumbu ya kujifunza. Jibu linamjia limekwisha iva. Ukimuuliza amejuaje, atakujibu kwa ukweli wake wote: "Sijui, nimehisi tu." Nahodha mkongwe anayesema leo tusitoke huenda ameona rangi ya wingu, mwendo wa wimbi na ndege wanavyorudi pwani, kama alivyoviona mara mamia, bila kuvitaja kimoja kimoja hata moyoni mwake. Shangazi aliye Muscat anayepiga simu karibu kila Alhamisi baada ya Isha amekwisha kumzoesha mpwa wake wa Tanga. Alhamisi ile mpwa anamfikiria, simu inalia, na nyumba nzima inastaajabu. Zile Alhamisi ambazo alimfikiria na simu haikulia hazisimuliwi na mtu.

Macho ya kisogoni

Katika madai yote ya namna hii, lililopimwa kwa njia inayotufaa zaidi ni lile la kuhisi kutazamwa kutoka nyuma. Limeanza kuchunguzwa zamani. Mwaka 1898 Edward Titchener, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliandika kwamba baadhi ya wanafunzi wake waliamini jambo hilo. Maelezo yake yalikuwa mepesi: mtu akitikisika na kugeuza kichwa, aliye nyuma yake huvutwa na kule kutikisika akamtazama, na macho yanapokutana yule wa mbele hudhani alitazamwa tangu mwanzo. Alifanya majaribio yake, hayakuonyesha kipaji chochote. Mwaka 1913 John Coover wa Chuo Kikuu cha Stanford akawapima watu 10, kila mmoja mara 100. Majibu sahihi yalikuwa asilimia 50.2. Anayebahatisha hupata 50.

Jambo likalala kwa miaka mingi, mpaka lilipoamshwa na mwanabiolojia wa Uingereza, Rupert Sheldrake, aliyechapisha mwaka 1994 kitabu cha kuwahimiza watu wa kawaida wafanye majaribio wenyewe. Utaratibu wake ulipendwa kwa sababu hauhitaji mashine. Wanafunzi wawili wawili hukaa, mmoja amempa mwenzake mgongo. Wa nyuma ana karatasi inayomwelekeza: mara hii tazama, mara hii usitazame. Wa mbele husema "natazamwa" au "sitazamwi". Majaribio maelfu yalikusanywa, mengi yao mashuleni, na kwa jumla majibu sahihi yalikuwa takriban 55 katika kila 100.

Msomaji asidharau 55. Kwa mtu mmoja na majaribio 20 si kitu, lakini kwa maelfu ya majaribio si bahati tena. Kitu fulani kilikuwa kinatokea. Swali ni kitu gani.

Mwaka 2000 John Colwell na wenzake wawili, Schröder na Sladen, wa Chuo Kikuu cha Middlesex, London, walilirudia jaribio hilo kwa uangalifu. Walitumia karatasi za mpangilio za Sheldrake mwenyewe. Kwanza watazamwa hawakuambiwa kama wamepatia au wamekosea. Matokeo yakawa ya kubahatisha. Kisha wakawa wanaambiwa kila baada ya jibu: umepatia, umekosea. Hapo watu wakaanza kupatia zaidi, na wakazidi kuwa hodari kadiri jaribio lilivyoendelea. Mtu wa haraka angesema kipaji kinaamka kwa mazoezi. Watafiti hawa wakafanya la busara zaidi: wakaigeukia karatasi.

Karatasi ilikuwa na kasoro. Mpangilio wa "tazama" na "usitazame" haukuwa wa nasibu ya kweli. Ulikuwa unapishana mno, yaani baada ya "tazama" mara nyingi ilikuja "usitazame", na baada ya "usitazame" ikaja "tazama". Tuchukue mfano wetu wa hesabu. Katika mpangilio wa mara 20 kuna hatua 19 za kutoka jibu moja kwenda la pili. Nasibu ya kweli hubadilika kwa wastani mara 9 na nusu. Tuseme karatasi fulani inabadilika mara 12. Mtu anayeambiwa kila mara jibu sahihi lilikuwa lipi, akawa anataja kinyume chake, atapatia mara 12 katika zile 19, bila ya kuhisi chochote kisogoni. Tena hahitaji kukaa akawaza, "Nitataja kinyume." Kichwa chake kinaushika mpangilio ule kama kilivyozishika ngeli, kisha kinamletea jibu katika sura ya hisia.

Colwell na wenzake walipotengeneza mipangilio mipya ya nasibu ya kweli na kuendelea kuwaambia watu majibu kama kwanza, kipaji kilitoweka. Kupatia hakukuzidi kubahatisha, wala hakukuongezeka kwa mazoezi.

Kwa uadilifu ni lazima tuseme kwamba Sheldrake hakuyakubali maelezo haya. Alidai kuwa yako majaribio yake ambayo watu hawakuambiwa majibu na bado walipatia. Sisi tunaona kwamba jaribio la Middlesex lina nguvu kwa sababu halikuishia kwenye maneno: liliondoa mpangilio, na matokeo yakaondoka nao.

Kwa nini mtu apange vibaya hivyo? Kwa sababu sote tuna picha mbaya ya nasibu. Mwambie mwenzako aandike kwa kubuni matokeo ya kurusha sarafu mara 20. Ataogopa kuandika kichwa mara nne mfululizo, ataona kama haifanani na bahati. Lakini ukizirusha sarafu kweli, zaidi ya robo tatu ya mifululizo ya mara 20 huwa na mahali ambapo upande mmoja umejirudia mara nne au zaidi, na karibu nusu huwa na mara tano au zaidi. Wacheza kamari wamefilisika kwa kutokujua jambo hili, lakini hiyo ni makala nyingine.

Kisa kinachofanana na hiki kilitokea Marekani. Charles Tart, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, alichapisha mwaka 1976 kitabu akisema kwamba watu wanaweza kufunzwa utambuzi huo kwa kuambiwa jibu papo kwa papo. Walioikagua orodha ya namba alizotumia waligundua kwamba namba moja kujirudia mara mbili mfululizo kulikuwa kuchache mno kuliko inavyotakiwa. Ndiyo ile ile.

Hata karata zinajifunza watu. Katika miaka ya 1930 Joseph Rhine wa Chuo Kikuu cha Duke alitumia karata 25 zenye alama tano, kila alama karata tano: duara, msalaba, mawimbi, mraba na nyota. Anayebahatisha hupatia 5 kwa wastani. Lakini kama utamwonyesha mtu kila karata baada ya kuitaja na usiirudishe, naye akawa kila mara anataja alama iliyobaki kwa wingi, wastani wake hufika 8.65. Hesabu hiyo ilifanywa na Diaconis na Graham mwaka 1981. Hakuna mzimu ndani yake, kuna kukumbuka tu zilizokwisha pita.

Farasi wa Berlin

Mpaka hapa tumezungumzia mpangilio wa karatasi. Lakini binadamu naye ni karatasi inayosomeka. Mjini Berlin, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu mstaafu wa hesabu aitwaye Wilhelm von Osten alikuwa na farasi wake Hans. Ukimuuliza Hans mbili na tatu ni ngapi, hupiga kwato mara tano akanyamaza. Mwaka 1904 jopo la wataalamu lilimkagua likasema halikuona ulaghai wowote. Na kweli haukuwepo. Von Osten aliamini kwa moyo wake kwamba farasi wake anajua hesabu.

Kijana Oskar Pfungst ndiye aliyeuliza swali lililofaa: vipi kama muulizaji mwenyewe halijui jibu? Hapo Hans akashindwa. Vipi kama Hans hamwoni muulizaji? Akashindwa tena. Pfungst aligundua kwamba mtu akishauliza huinama kidogo kutazama kwato, na hesabu ikitimia kichwa chake huinuka kidogo mno, bila mwenyewe kujua. Farasi alikuwa akipewa mkate na karoti kila apatiapo, basi alijifunza kusimama kichwa kinapoinuka. Mwalimu alikuwa anafundisha asichokijua, na mwanafunzi anajifunza asichoambiwa. Na la ajabu zaidi ni kwamba Pfungst, baada ya kuijua siri yote, bado alishindwa kukizuia kichwa chake kisitikisike. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1907, na tangu hapo jaribio linaloheshimika hufanywa kwa sharti kwamba anayemkabili mpimwa asijue jibu.

Linavyotugusa sisi

Turudi sasa kwenye mkeka wa mpiga ramli. Dini yetu imekwisha kusema kwamba ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na imetukataza kumwendea kahini na kumsadiki. Hilo kila mwanafunzi analijua. Linalozungumzwa kwa nadra ni kwa nini watu wanaolijua bado wanakwenda. Jibu ni moja: "Mbona alipatia?"

Alipatia, naam. Mbele yake wamepita wateja miaka ishirini. Kila mmoja alitamkiwa maneno, akayajibu kwa uso: jicho lilipanuka, mkono uliuminya ushungi, pumzi ilikata. Kila uso ulimwambia umepatia au umekosea, kama karatasi ya Middlesex. Anaposema, "Nyumbani kwako kuna mgonjwa," huku akitazama, kichwa chako kinainuka kama cha wale waliomuuliza Hans. Baadhi ya waganga ni walaghai na wanajua. Lakini wengine wanaamini wanachokisema, na huyo anayeamini ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa sababu unyofu wake unaonekana na familia huuchukua kuwa ushahidi.

Hatari inakuja anapoulizwa nani ameiba au nani ameroga. Mume na mke wamekaa mkekani, na moyoni wamekwisha kumshuku msichana wa kazi au bibi jirani anayeishi peke yake. Majina yanatajwa moja moja. Wanapofika kwenye jina lile, nyuso zao zinasema. Mganga anawarudishia dhana yao wenyewe ikiwa imevaa nguo ya ghaibu, nao wanatoka pale wakiwa na yakini. Msichana anafukuzwa bila mshahara. Bibi anatengwa, na katika baadhi ya sehemu za Tanzania wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Hakuna aliyedanganya katika chumba kile, na mtu asiye na hatia ameangamia.

Basi mkisikia nyumbani kwamba mganga amemtaja mtu, ulizeni lile swali la Pfungst. Je, waliokwenda kuuliza walikuwa wanamshuku nani kabla ya kwenda?

Liko pia la watoto. Hutokea mtoto mmoja akapatia mambo mawili matatu, watu wazima wakaanza kusema "huyu anaona". Anaanza kuitwa, kuulizwa, kupewa zawadi. Tunawaomba wazazi wasimfanyie hivyo. Mtoto mwenye jicho kali la kutambua nyuso na mazoea ya watu ana neema, na itamfaa akiwa tabibu, mwalimu au hakimu. Akiaminishwa kwamba majibu yanamjia kutoka kwingine, ataacha kuyahakiki.

Jaribuni wenyewe

Wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kulifanya jaribio la kutazamwa kwa mchana mmoja, kwa idhini ya walimu. Mtu mmoja arushe sarafu mara 20 faraghani, aandike "tazama" kwa upande wa kichwa na "usitazame" kwa upande wa pili, bila kusawazisha chochote hata kama upande mmoja umejirudia mara sita. Kila mpimwa awe na mpangilio wake. Mtazamaji asimame nje ya dirisha lililofungwa, ili pumzi na mchakacho wa kanzu visisikike. Mpimwa aandike majibu yake mwenyewe, na asiambiwe lolote mpaka zote 20 zimalizike.

Wengi watapata kati ya 8 na 12. Lakini katika darasa la wanafunzi 30, mmoja au wawili hutarajiwa kupata 14 au zaidi kwa bahati tupu. Huyo msimwite mwonaji. Mrudisheni kitini siku ya pili, kwa mpangilio mpya wa sarafu, na hesabu ianze tena kutoka sifuri.